Turbo kwenye gari la misuli: maana yake ni nini hasa?

Kila inaponong'onwa kwamba kampuni ya Marekani inaandaa gari jipya la misuli, swali la mashabiki ni lile lile: litakuja na turbo? Wengine huuliza kwa hamu, wengine kwa hofu ya kuipoteza V8, injini ya silinda nane waliyoipenda tangu utotoni. Mazungumzo hayo mara nyingi hupotea njia mapema, maana turbo hutajwa kama mtungi wa nguvu unaofungwa kando ya injini. Turbo haina nguvu yake yenyewe. Ni pampu ya hewa.

Petroli haiungui bila hewa, na kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hapo ndipo injini hukwama. Mafuta unaweza kuyaongeza utakavyo, lakini pistoni ikishuka huvuta hewa ya kujaza silinda yake tu. Ukitaka nguvu zaidi, ama ukuze silinda, ama uishindilie hewa ndani ya silinda ulizonazo.

Magari ya misuli yalizaliwa kwenye njia ya kwanza. Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyoanzisha zama hizo, ilikuwa gari la ukubwa wa kati lililopachikwa V8 ya lita 6.4. Gari la kawaida, injini kubwa kupita kiasi, bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuimudu: hiyo ndiyo maana ya gari la misuli.

Turbo ni njia ya pili. Moshi unaotoka kwenye silinda una joto kali na mwendo wa kasi, na kwa kawaida vyote hivyo hupotelea kwenye ekzosi. Turbo huuwekea moshi huo feni njiani. Feni ikizunguka, huzungusha nyingine iliyo upande wa pili wa mhimili huo huo, na hiyo ya pili huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini kwa shinikizo. Mizunguko yake hupita 100,000 kwa dakika, na mhimili huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Ndiyo sababu fundi anayejua kazi yake hukusihi usicheleweshe kubadilisha oili kwenye gari la turbo.

Hewa ikishindiliwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma mkono ukijaza tairi kwa haraka. Hewa ya moto hutanuka na kupoteza sehemu ya faida hiyo, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye kipoozeo ambacho mafundi hukiita intakula. Maandishi tunayoyaona kwenye malori na mabasi yetu, ya turbo na intakula, yanaeleza kazi hiyo hiyo.

Supachaja nayo ni pampu ya hewa, ila huzungushwa na krenki, mhimili mkuu wa injini yenyewe, kupitia mkanda. Hujibu papo hapo ukikanyaga mafuta, lakini hula sehemu ya nguvu inayosaidia kuzalisha. Dodge Challenger Hellcat ya 2015, yenye V8 ya lita 6.2 na nguvu za farasi 707, ilipita njia hiyo.

Nani aliyesema turbo ni mgeni katika ukoo huu? Mswisi Alfred Büchi alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya wazo hilo mwaka 1905. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege hadi kileleni mwa Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300 juu ya bahari. Bila turbo, hewa nyepesi ya huko iliipokonya injini karibu theluthi ya nguvu zake. Kwa turbo, zikarudi. Mwaka 1962 Oldsmobile ikaleta Jetfire, V8 ya lita 3.5 yenye turbo na farasi 215. Ilihitaji kimiminika cha maji na methanoli ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, na wenye magari wengi wakasahau kukijaza. Haikudumu miaka miwili sokoni. Umeme wa kudhibiti mafuta na cheche, unaofanya kazi hiyo leo, ulikuwa bado haujafika.

Ulipofika, mambo yakageuka. Mwaka 1987 Buick iliuza Grand National, gari jeusi lenye V6 ya lita 3.8 na turbo moja. Ilitajwa kuwa na farasi 245, wakati Corvette ya mwaka huo huo, yenye V8 ya lita 5.7, ilikuwa na 240. Toleo lake la mwisho, GNX, lilitajwa kuwa na 276 na yaliundwa magari 547 pekee. Mimi nalihesabu GNX kuwa gari la misuli bila kusita, ingawa silinda zake ni sita.

Kwa hiyo tetesi za leo zina mizizi. Sheria za Marekani za matumizi ya mafuta, zilizopitishwa mwaka 1975 baada ya mtikisiko wa mafuta wa 1973, hupima wastani wa magari yote ya kampuni. Injini ndogo yenye turbo hunywa kidogo ikitembezwa polepole, na hutoa nguvu ya injini kubwa ikikanyagwa. Ikikanyagwa, hunywa pia kama injini kubwa, hilo halikwepeki. Dodge ilipoacha Hemi, V8 yake maarufu, kwenye gari lake la Charger, iliweka injini ya lita 3.0 yenye silinda sita kwa mstari na turbo mbili. Toleo kali lina farasi 550, ilhali Hemi ya lita 6.4 ya toleo la Scat Pack lililotangulia ilikuwa na 485. Nayo Corvette ZR1 ya 2025, ambayo ni gari la michezo zaidi kuliko la misuli, imefunga turbo mbili kwenye V8 ya lita 5.5 na kufikia farasi 1,064.

Ukitaka kujua tetesi ipi ina uzito, tazama kwanza injini ambazo kampuni tayari inazifunga kwenye pikapu na magari yake makubwa. Injini mpya ni ghali mno kubuniwa kwa ajili ya gari moja linalouzwa kwa uchache. Ile silinda sita ya Dodge ilianza kwenye Jeep Wagoneer kabla ya kuingia kwenye Charger. Aliyeiona pale alikuwa na haki ya kubashiri. Hataza peke yake ni dalili dhaifu, kwani kampuni husajili mengi zisiyoyaunda.

Hofu ya mashabiki nayo ina msingi wake. Turbo husubiri moshi uwe mwingi ndipo izunguke vya kutosha, na kusubiri huko dereva hukuhisi mguuni: unakanyaga, gari linavuta pumzi, kisha linakurusha. Turbo mbili ndogo hupunguza kuchelewa huko, moja kubwa hukuongeza lakini hulipa kwenye kasi ya juu. Feni iliyo katikati ya njia ya moshi pia hufifisha mngurumo, na mngurumo wa V8 ni nusu ya sababu ya watu kununua magari haya. Namba ya farasi haikuonyeshi hayo. Tetesi ikikufikia kwamba gari lijalo lina farasi 700, tafuta pia msokoto wake wa juu, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, unaanzia kwenye mizunguko mingapi kwa dakika, kwa sababu ukianzia 2,000 utauhisi kila unapoondoka kwenye taa za barabarani, na ukianzia 4,500 utautafuta.