Kabla hujagusa kitu, tazama tarehe ya barua ya mwisho

Simu iliingia saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu. Alikuwa mhasibu wa ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na sauti ilikuwa ikimtetemeka. "Fundi, barua pepe zangu za zamani hazipo. Ijumaa nilikuwa nazo, leo sizioni hata moja." Wakaguzi wa kodi walikuwa wanamdai mawasiliano ya miaka mitatu nyuma na mteja mmoja, na sheria ya Kenya ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Nilimjibu, "Dada, usiguse kitu. Usifute akaunti, usiondoe programu, usiizime kompyuta kwa nguvu. Nakuja."

Neno hilo la usiguse nalisema kwa moyo wote. Nimeona barua nyingi ambazo hazikupotea siku zilipotoweka machoni; zilipotea nusu saa baadaye, mwenyewe alipoanza kuhangaika kuzirudisha. Anafuta akaunti ili aiweke upya, anaondoa programu aisakinishe tena, na faili lililokuwa limebeba barua zake linakwenda na maji.

Nilipofika sikuanza na Outlook, programu anayosomea barua zake. Nilifungua kivinjari, nikaingia kwenye barua zake kupitia wavuti, nikaandika jina la yule mteja kwenye nafasi ya kutafutia. Zikaja zote, na viambatisho vyake, hadi ankara ya kontena la kwanza. Dada akashusha pumzi.

Hapo ndipo penye swali ambalo hutangulia maswali yote: barua zako zinaishi wapi? Exchange, IMAP na POP ni njia ambazo programu yako huzifikia barua. Ukiwa na akaunti ya Exchange au ya IMAP, barua zinaishi kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma, na programu iliyo mezani kwako ni dirisha la kuzitazamia. Dirisha likiwa dogo, unaona kidogo, lakini chumba kiko vile vile. Ukiwa na POP mambo ni mengine kabisa. POP ni kama kwenda posta na ufunguo wa sanduku lako: unafungua, unazibeba barua nyumbani, na mara nyingi sanduku linabaki tupu. Nyumbani kukiungua, posta hawana cha kukupa. Kwa hiyo barua zikionekana kwenye wavuti, tulia, kilichobaki ni kurekebisha dirisha. Zisipoonekana huko, hapo ndipo pa kuwa mwangalifu maradufu.

Nikarudi kwenye Outlook, nikashuka hadi chini kabisa ya kikasha. Barua ya mwisho ilikuwa ya mwaka mmoja uliopita, karibu siku ile ile. Chini yake palikuwa na mstari mdogo ambao watu hawausomi, unaosema kwamba folda hii ina barua zaidi kwenye seva na kwamba ukitaka kuziona ubonyeze hapo. Nikamuuliza, "Kompyuta hii ndiyo ile ya Ijumaa?" "La, hii mpya, wameniletea Jumamosi."

Jibu likawa limekamilika. Outlook haibebi barua zote za seva kuja kwenye kompyuta. Huchukua za kipindi fulani tu na kuziweka katika faili la OST, yaani nakala iliyo kwenye kompyuta yako. Kipindi hicho huchaguliwa kufuatana na ukubwa wa diski: chini ya GB 32 ni mwezi 1, kati ya 32 na 64 ni miezi 3, zaidi ya hapo ni miezi 12. Ile ya zamani kuna mtu aliwahi kuirekebisha ichukue zote. Hii mpya ilikuja na miezi 12 yake, na hakuna aliyekumbuka.

Kurekebisha ni kwenda kwenye File, kisha Account Settings, kuchagua akaunti, kubonyeza Change, na hapo utaona kitelezi cha muda. Kiburute hadi mwisho, pale pameandikwa All, uendelee, kisha ufunge Outlook na kuifungua tena. Yeye nilimwekea zote kwa sababu diski yake ilikuwa na nafasi na kazi yake inadai. Si kila mtu nimfanyiaye hivyo. Kikasha kikubwa hufanya OST inenepe, kikomo chake cha kawaida ni GB 50, na kabla hujafika huko kompyuta ndogo itakuwa tayari inakokota. Kwa wengi miaka mitatu inatosha, na cha zaidi wakitafute kwenye seva. Pia usitegemee barua zije papo hapo. Kwa intaneti ya ofisi nyingi, iache kompyuta ikiwaka usiku kucha.

Sasa turudi kwenye tarehe, maana ndiyo inayonipa habari nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ukomo ulionyooka, mwezi 1 au miezi 3 au 12 kamili, huwa ni kitelezi. Ukomo wa miaka 2 kamili katika ofisi inayotumia Microsoft 365 unanipeleka kwenye kumbukumbu ya mtandaoni: pale msimamizi alipoiwasha, sera ya kawaida huhamisha barua zilizofika miaka miwili. Hazijafutwa. Tazama upande wa kushoto, chini ya kikasha chako, utaona kikasha cha pili chenye neno Archive katika jina lake.

Ukomo wenye mapengo ni habari nyingine, na ndio ulionisumbua sana zamani. Unakuta barua za Machi zipo tatu, za Februari moja, za Januari hakuna, halafu ghafla moja ya miaka miwili nyuma. Hiyo ni kazi ya AutoArchive, sehemu ya Outlook inayohamisha barua za zamani yenyewe. Katika matoleo ya zamani ya Outlook ilikuwa ikiamka kila baada ya siku 14 na kuhamisha barua za kikasha zenye zaidi ya miezi 6, na zile ulizotuma zenye zaidi ya miezi 2, kwenda kwenye faili linaloitwa archive.pst. Mapengo yanatokea kwa sababu haiangalii tarehe ya kupokelewa peke yake. Barua uliyoigusa na kuibadilisha karibuni huhesabiwa kuwa changa, ikabaki. Tafuta archive.pst kwenye diski, lifungue ndani ya Outlook, na utazikuta zimejipanga kwa folda zile zile. Nimewahi kulikuta kwenye kompyuta iliyokuwa tayari imewekwa pembeni iuzwe.

Folda moja tu ikiwa na kasoro na nyingine ziko salama, huwa ni mtazamo: umechuja zisizosomwa bila kujua, au mpangilio umegeuka. Rejesha mtazamo wa awali na yameisha. Kwenye Thunderbird, programu nyingine ya barua, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Repair Folder. Hiyo huunda upya faili la msf, ambalo ni faharasa tu, barua zenyewe zimo katika faili jingine. Lakini Thunderbird pia ina sehemu ya nafasi ya diski inayoweza kuamriwa kufuta barua zilizopita siku kadhaa, na kwa akaunti ya IMAP hufuta hata zile za kwenye seva. Iangalie mapema. Na kwa Gmail, zamani idadi ya barua katika folda iliposimama kwenye 1,000 au 5,000 kamili, nilikwenda kwenye mipangilio ya IMAP nikaondoa kikomo.

Zilizofutwa kweli zina saa inayohesabu. Gmail huzitunza siku 30 kwenye takataka. Exchange ya mtandaoni hukupa siku 14 za kuzirejesha hata baada ya takataka kumwagwa, na msimamizi anaweza kuzifikisha 30. Ndiyo maana nikipigiwa simu siendi kesho.

Bado namkumbuka mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyeniletea laptopu yake akiwa ameifunga kwenye kanga. Alikuwa akitumia Thunderbird kwa POP kwa miaka mingi. Laptopu ilikuwa nzito, akaipeleka kwa fundi, fundi akanakili Documents, picha na vilivyo kwenye dawati, akaweka Windows upya. Barua za Thunderbird hazikai hapo. Zinakaa ndani ya folda ya AppData, ambayo Windows huificha, na asiyejua haioni. Diski ilikuwa SSD, ambayo husafisha nafasi iliyoachwa muda mfupi baada ya kufutwa, na programu zangu za uokoaji hazikurudisha kitu. Kwenye seva hakukuwa na kitu. Nilimwambia ukweli, na alinyamaza muda mrefu.

Kisha nikamuuliza, "Mzee, barua ulizokuwa ukizililia hasa ni za nani?" Akasema ni za binti yake aliye Muscat, tangu alipoondoka. Barua ina ncha mbili. Iliyopotea kwako huenda ingali kwenye folda ya zilizotumwa ya mwenzako. Tukampigia binti jioni ile ile. Nikamwomba asizisambaze kwa "forward" ya kawaida, bali azitume kama viambatisho, ili tarehe na vichwa vya awali, yaani maelezo ya nani alituma na lini, visibadilike. Ilimchukua siku nne. Mzee akaja tena, tukakaa hadi adhuhuri tukizipanga kwa miaka, yeye akisoma mistari ya kwanza kwa sauti ya chini, kisha nikazinakili kwenye diski mbili. Moja aliondoka nayo, nyingine akasema ataipeleka kwa mdogo wake Kisauni.