Mjusi wa Tendaguru si mjusi: tuliyoyakosea kuhusu dunia ya dinosaria

Kila suala la kurudishwa kwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kilima cha Tendaguru, Lindi, na kupelekwa Ujerumani linapoibuka bungeni, neno linalosikika ni "mjusi". Mjusi mkubwa, mjusi wa Lindi, mjusi aliyeko Berlin. Limezoeleka hata kwenye vichwa vya habari. Mimi naliona ni neno la kuliangalia kwa makini, kwani nyuma yake kuna makosa mengine mengi kuhusu wanyama hawa na dunia waliyoishi.

"Dinosaria ni mijusi wakubwa"

Kosa hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1842 Mwingereza Richard Owen alitunga jina la kundi hili kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mjusi wa kutisha", na jina likaganda.

Mtazame mjusi kafiri ukutani. Miguu imetokea ubavuni, viwiko na magoti yametanuka nje, tumbo karibu liguse ukuta. Kenge naye ni hivyo hivyo. Miguu ya dinosaria ilisimama wima chini ya kiwiliwili, kama ya tembo. Bila nguzo za namna hiyo, mnyama wa makumi ya tani asingeweza hata kuinuka. Kwa ukoo, mamba yuko karibu zaidi na dinosaria kuliko alivyo mjusi yeyote. Ndege wako karibu kuliko wote, maana wao ni tawi la dinosaria lililobaki hai. Reptilia waliopaa na wale wa baharini ambao tumezoea kuwachora pamoja na dinosaria walikuwa wa koo nyingine.

Kiunzi kilichoko katika jumba la makumbusho la Berlin kinasimulia jinsi kosa lilivyosahihishwa. Ni cha Giraffatitan, jina linalolinganisha mnyama huyu na twiga, na kina kimo cha mita 13.27. Kiliposimamishwa mwaka 1937, viwiko vilitanuliwa na mkia ukalazwa chini, kwa kuwa wataalamu wenyewe bado walikuwa na mjusi akilini. Mwaka 2007 kikasimamishwa upya: miguu imenyooshwa, mkia umeinuliwa hewani. Na anayedhani ile ni mifupa ya mnyama mmoja ajue kwamba imeungwa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja, na palipopungua pakajazwa kwa sehemu za kuchonga.

"Walitembea chini ya Kilimanjaro na kunywa maji ya Ziwa Nyasa"

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, tena wasomi pia. Tunachukua ramani ya leo na kuwaweka dinosaria juu yake.

Mifupa ya Tendaguru ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Kilimanjaro haijafikisha miaka milioni 3. Bonde la Ufa lilianza kupasuka makumi ya mamilioni ya miaka baada ya dinosaria wakubwa kutoweka, na maziwa yaliyomo ni machanga kuliko bonde lenyewe. Olduvai, ambako mara nyingi nasikia watoto wakiambiwa kuna dinosaria, ina mabaki ya miaka milioni 2 na kuja huku. Ni mahali pa kutafutia mababu wa binadamu. Kinachowazidi dinosaria kwa umri ni miamba ya Usambara na Uluguru, iliyopikwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Basi Lindi ya wakati ule ilikuwaje? Afrika ilikuwa kusini zaidi ya ilipo leo, bado imeshikana na Amerika Kusini. Atlantiki ya kusini haikuwa imefunguka. Upande wa mashariki, Madagaska na India zilikuwa zimeshaanza kujibandua kwa pamoja, na bahari changa ikajaa kwenye mwanya huo. Tendaguru ilikuwa pwani ya bahari hiyo.

Ushahidi uko kwenye mwamba. Tendaguru ina tabaka tatu kuu zenye mifupa ya dinosaria, na katikati yake kuna tabaka za mchanga zilizojaa makombe ya baharini. Maji yalipanda, yakashuka, yakapanda tena. Leo kilima hicho kiko kilomita 60 hivi kutoka mji wa Lindi, na bado makombe yamo.

"Dunia nzima ilikuwa joto na msitu mzito"

Joto lilikuwepo, hilo ni kweli. Hewa ya ukaa ilikuwa nyingi kuliko ya leo, na kwa sehemu kubwa ya enzi hizo ncha za dunia hazikuwa na barafu kubwa ya kudumu. Dinosaria waliishi hadi Alaska, ambako waliona miezi ya giza la majira ya baridi.

Lakini joto si lazima lilete msitu. Tendaguru ilikuwa na majira: mvua, kisha kiangazi kikali. Misitu ya miti jamii ya misonobari ilikuwa bara kidogo, na ufukweni kulikuwa na vidimbwi vya chumvi na tope la kupwa na kujaa, ambamo mizoga ilizama. Ukichora picha ya mahali hapo, usiweke nyasi. Mbuga kama Serengeti zilikuwa bado mbali sana kuja, na hata maua hayakuwa yameenea. Chakula cha enzi ya Jurasiki, ndiyo enzi ya wanyama wa Tendaguru, kilikuwa miti hiyo ya jamii ya misonobari, kangaga, na jamaa wa mitapo tunayoiona hata leo pwani. Mamalia nao walikuwepo, wadogo wa kimo cha panya. Meno na taya zao zimepatikana Tendaguru hiyo hiyo.

"Waliishi wote wakati mmoja"

Kati ya Giraffatitan wa Lindi na Tyrannosaurus, yule mla nyama mkubwa wa Amerika Kaskazini, kuna zaidi ya miaka milioni 80. Kati ya Tyrannosaurus na sisi ni 66 tu.

"Gesi yetu ni mizoga ya dinosaria"

Hapana. Gesi na mafuta hutokana na viumbe vidogo mno vya majini na mabaki ya mimea, vilivyozikwa kwenye tope na kupikwa na joto la ardhini. Ukweli uliopo ni huu: jiwe la mchanga linalohifadhi gesi ya Songo Songo, huko Kilwa, ni la enzi ya Kretasia, iliyofuata Jurasiki. Mchanga ule ulitua dinosaria wakiwa hai.

"Kimondo kiliwaua siku moja"

Kimondo kilianguka kweli, pale Chicxulub nchini Meksiko, kikiwa na upana wa kilomita 10 hivi. Mwaka 1980 Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao walieleza kuhusu tabaka jembamba lenye madini ya iridiamu, adimu kwenye ganda la dunia na mengi kwenye vimondo. Walio karibu walikufa mara moja. Wengine waliuawa na kilichofuata: vumbi na masizi yaliziba jua, mimea ikanyauka, wala mimea wakafa njaa, kisha wala nyama. India nayo wakati huo ilikuwa ikimwaga lava kwa muda mrefu, na wataalamu bado wanajadili mchango wake. Takriban robo tatu ya aina za viumbe zilitoweka.

"Ni habari za Wajerumani"

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Tunasimulia kwamba mhandisi Bernhard Sattler aliuona mfupa mwaka 1906, kisha Werner Janensch na Edwin Hennig wakaja kuanzisha uchimbaji uliodumu kuanzia 1909 hadi 1913. Waliochimba na kubeba zaidi ya tani 200 kwa vichwa na mabega hadi bandarini Lindi walikuwa mamia ya watu wa kusini, waliotoka tu kwenye vita vya Maji Maji na njaa yake.

Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa uliopasuka vipande bila kuupoteza. Waingereza walipokuja kuchimba miaka ya 1920, walimtafuta yeye. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa mnyama huyo.

Na si Tendaguru peke yake. Karibu na Ziwa Nyasa alipatikana Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosaria, mzee kuliko wa Lindi kwa karibu miaka milioni 90. Songwe ametoka dinosaria aitwaye Shingopana. Mwaka 2019 alitangazwa mwingine kutoka bonde la mto Mtuka, mwenye pingili ya mkia yenye umbo la moyo. Jina lake la kisayansi, linaloandikwa hivyo hivyo Tokyo na Chicago, ni Mnyamawamtuka moyowamkia.