Multi wako hadeki: kumlisha sikilidi mdogo anayekataa chakula

Watu wengi wanaonunua multi, samaki mdogo wa kufuga kwenye tangi, kwa mara ya kwanza hunitafuta kabla wiki haijaisha, na lalamiko ni lile lile: samaki wamekataa kula. Wamewekewa chakula cha pakiti, tena cha bei, kopo lina picha ya sikilidi. Wanakitazama kikizama, mmoja anakidokoa na kukitema, kisha wote wanarudi makombeni. Mwenye tangi huwa ameshatoa hukumu kabla sijajibu: hawa samaki wanadeka.

Hukumu hiyo siikubali. Multi ni jina la mkato la Neolamprologus multifasciatus, sikilidi mdogo kuliko wote wanaojulikana. Dume huishia kwenye sentimita nne na kidogo, jike tatu. Sikilidi ni ukoo wa perege na sato, na ukoo huo huo una kuhe, yule wa Kigoma anayeweza kupita nusu mita na kujaza sufuria peke yake. Lakini kuhe huwinda akizunguka ziwani. Multi haendi popote. Anaishi kwenye malundo ya makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma, sakafuni mwa Ziwa Tanganyika, na maisha yake yote yako ndani ya hatua chache za tundu lake, kwa sababu akijitenga nalo ataliwa. Chakula lazima kimjie. Maji yanapita juu ya makombe yakiwa na vijidudu vidogo vinavyoelea, naye anainuka kidogo, anadaka kimoja, anashuka. Anafanya hivyo tangu asubuhi mpaka giza.

Samaki wa namna hiyo ana masharti matatu: kitu kiwe kidogo kuliko jicho lake, kiwe kinaelea katikati ya maji, na kiwe kinatikisika. Punje iliyolala juu ya mchanga haijatimiza hata moja. Kwake hiyo ni takataka, na kwa kuwa multi ni hodari wa kufanya usafi, wakati mwingine ataibeba mdomoni akaitupe mbali na mlango wake. Mwenye tangi anaona dharau. Mimi nikisikia multi hali, siulizi sana amepewa nini. Nauliza chakula kilimfikiaje.

Kabla ya hapo, lakini, nauliza joto. Maji ya juu ya Tanganyika huwa kati ya nyuzi 24 na 28 hivi mwaka mzima. Tangi lisilo na hita kule Nairobi au Iringa mwezi wa Julai linashuka chini ya nyuzi 20 bila shida, na samaki aliyepoa tumbo lake limepoa pia. Hatakula, na akila chakula kitakaa tumboni. Wa Dar na Mombasa tatizo hilo hawana, ila wasomaji wangu wa nyanda za juu wanaobadilisha vyakula vitatu ndani ya wiki moja wangeokoa pesa kwa kununua kipimajoto.

Joto likiwa sawa, mahali pa kuanzia ni artemia. Hivi ni vijidudu vya maji ya chumvi, jamaa wa mbali wa kamba, ambavyo mayai yake hukauka na kukaa miaka bila kufa, na yakirudi majini yanaanguliwa. Mengi yanayouzwa duniani yanatoka Great Salt Lake, Marekani. Kwetu pia wapo: kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi waliletwa miaka ya 1980. Kuangua ni kazi rahisi. Chupa ya maji iliyokatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini, lita moja ya maji, gramu 25 hivi za chumvi ya mawe isiyotiwa kitu, nusu kijiko cha chai cha mayai, na mpira wa pampu ya hewa ufike mpaka chini ili mayai yasitulie. Weka taa karibu. Kwa nyuzi 27 au 28 utaona mawingu ya rangi ya chungwa ndani ya saa 24 mpaka 36.

Zima hewa, acha dakika kumi. Maganda yataelea juu, na mayai yaliyogoma yatakaa chini kabisa. Sasa mulika tochi pembeni ya chupa, karibu na chini. Artemia wachanga hufuata mwanga, na watajikusanya mbele ya tochi mpaka uwavute wote kwa mpira mwembamba. Ni ujanja ule ule wa wavuvi wa Kigoma, ambao usiku usio na mwezi huwasha taa juu ya maji na kungoja dagaa wakusanyike. Wachuje kwa kitambaa chepesi, wasuuze kwa maji baridi ili chumvi itoke, na uwape samaki siku hiyo hiyo. Mtoto wa artemia anazaliwa na akiba ya kiini mwilini, na ndiyo inayomnenepesha samaki. Saa zikipita anaitumia mwenyewe, na mnachobaki nacho ni ganda linaloogelea.

Usiwamimine juu ya maji. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita kumi, ulichomekee mpira wa pampu ya hewa wenye urefu wa kufika chini. Zima filta, maana itameza nusu ya mlo, ila acha mapovu machache yaendelee ili maji yatembee. Toa artemia taratibu, kiganja kimoja juu ya makombe. Hapa ndipo wengi hunitumia video. Samaki waliotangazwa kuwa wagonjwa wanatoka makombeni wote kwa pamoja, hata vile vitoto ambavyo mwenye tangi hakujua kama vipo.

Kuwaangulia artemia kila siku ya Mungu hakuna anayeweza, na wala haifai. Lengo ni kuwafundisha kula kitu kingine, na mwalimu ni lile bomba. Baada ya siku kadhaa samaki wameshajua kwamba mpira ukishuka, chakula kinafuata. Ndipo unapochanganya: artemia hai wengi, na vumbi kidogo la chakula kikavu lililosagwa kwa vidole na kulowekwa mpaka liache kuelea. Katika vurugu ile watadaka vyote. Wengine watatema. Waache wateme, kesho rudia. Ongeza kikavu, punguza hai, polepole, na ukiona wamerudi kugoma rudi hatua moja nyuma. Waliokuzwa kwenye matangi hukubali mapema. Waliovuliwa ziwani huchukua muda zaidi, na wapo watakaokubali kilichogandishwa tu na wasivuke hapo. Hao mimi nawaacha walivyo.

Sasa suala linalonitia wasiwasi kuliko samaki kugoma, nalo ni mwenye tangi kuongeza chakula kwa huruma. Katika samaki wa Tanganyika huruma hiyo ina sumu yake, na ningependa ieleweke vizuri. Chakula kilichobaki kinaoza na kutoa amonia. Majini amonia iko katika hali mbili, moja kali sana kwa mashavu ya samaki na nyingine yenye nafuu, na kinachoamua ngapi iwe kali ni pH (kipimo cha uchachu wa maji: namba ikipanda, uchachu unapungua), pamoja na joto. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu iliyo kali haifiki hata asilimia 1. Ziwa Tanganyika liko karibu na pH 9, na ukiigeza pH hiyo kwenye tangi lako, zaidi ya theluthi ya amonia yote inakuwa ile kali. Kwa maneno mengine, mabaki ambayo kwenye tangi la guppy, samaki wadogo wa kawaida wa kufugwa, yangepita bila mtu kujua, kwenye tangi la multi yanaweza kuwaangamiza usiku mmoja. Na samaki aliyeungua mashavu hafanyi kitu kingine isipokuwa kukataa chakula, kwa hiyo anaongezewa tena.

Multi mzima mwenye afya anakaa wiki bila kula na hafi. Mpe kidogo mara mbili au tatu kwa siku, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika tano, na siku moja ya wiki usimpe kitu. Tumbo likionekana limejaa kidogo ukimtazama kwa ubavu, inatosha. Baada ya dakika tano, vuta mabaki kwa lile lile bomba.

Vya jikoni navyo vipo. Kamba mbichi nampenda: menya, gandisha mpaka awe jiwe, mparuze kwenye upande mdogo wa kikwaruzo cha karoti, kisha suuza kwenye chujio la chai mpaka maji yatoke safi. Uduvi mkavu wa sokoni unafaa pia, ila una chumvi na mchanga, kwa hiyo loweka, mwaga maji, rudia, kausha, saga, chekecha, tumia unga wenyewe tu. Uduvi ndio unaorudisha ile rangi ya manjano na chungwa kwenye mapezi ya sikilidi wengi. Kiini cha yai wengi wanakisifia kwa vifaranga wa samaki, na mimi sikitumii, kinachafua maji kuliko kinavyolisha. Moyo wa ng'ombe waachie wenye samaki wakubwa.

Kuhusu viluwiluwi vya mbu, ni chakula kizuri na samaki wanavipenda, lakini anayeishi Dar, mji uliopata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, asiweke ndoo ya maji wazi uani kwa ajili ya samaki. Mbu wa dengi anataka maji ya namna hiyo hasa. Tubifeksi (minyoo myembamba myekundu) wanaochotwa kwenye mitaro siwagusi kabisa, maana huja na magonjwa ya mtaro mzima.

Vifaranga wa multi hawahitaji mipango mikubwa. Hutokea mlangoni mwa kombe la mama na kuanza kula artemia wachanga hapo hapo. Siku ambazo huna artemia, minyoo midogo ya uji inasaidia. Uji mzito wa mahindi uliopoa kwenye kopo la plastiki lenye matundu kifunikoni, hamira kidogo sana juu yake, na mbegu ya minyoo kutoka kwa mfugaji mwingine. Baada ya siku chache minyoo inapanda kuta za kopo, unaifuta kwa kidole. Inazama, na ndiyo sababu wakubwa hawaijali, ila kifaranga aliyekaa mlangoni inamfikia vizuri.

Wenye Lamprologus ocellatus, sikilidi mwingine wa makombeni, wana kazi ya ziada. Dume ana ubabe, na jike aliyepata kombe la pembeni anaweza kushinda njaa wakati wenzake wameshiba. Peleka bomba kwenye kila kombe, ukianzia kwa mnyonge.

Na kwa waliofuga Apistogramma au ramirezi kutoka Amerika Kusini, geuza nusu ya niliyosema. Hao ni sikilidi wadogo pia na wanasifika kwa kuchagua, lakini Apistogramma anakula kwa kupekua chini, kwenye majani yaliyooza na mchanga laini, anautia mdomoni na kuupitisha mashavuni. Kwake chakula kinachoelea juu ndicho kisichoonekana. Kizamishe, kitawanye kwenye mchanga, na mpe majani ya kupekua. Jike aliyegeuka manjano yuko na mayai au watoto, usihangaike akila kidogo. Ramirezi anataka joto la nyuzi 27 na zaidi. Kwenye 24 atakaa kona akipauka, na hakuna chakula kitakachomtoa huko.

Kuna kugoma ambako hakutibiwi na chakula. Samaki anayekimbilia artemia kisha anawatema, anayekonda mgongo huku wenzake wamenenepa, anayetoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, huyo ana wadudu wa tumboni, na mwenye nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja ana minyoo. Mtenge, acha kumbembeleza kwa vyakula vipya, na utafute dawa kwa mtu anayejua vipimo. Kwa minyoo ile myekundu levamisole ndiyo hutumika, na ni lazima kutibu tangi zima, maana vitoto vyake vimeshasambaa.

La mwisho ni safari, kwa kuwa kila Desemba ikikaribia maswali huanza. Siku nne tano, usiache chakula wala maelekezo. Badili maji siku mbili kabla, punguza mwanga, funga mlango uende. Kwa wiki mbili utamhitaji jirani, basi mfungie vikaratasi, kila kimoja na mlo wa siku, kwa tarehe, na kopo lenyewe ulifiche.