Mvua ya mita mbili Hombolo, na baiti tano ambazo hazikuwepo

"Mbukwa, mwanangu," mzee mwenye shamba la zabibu kule Hombolo alianza kwenye simu, na kabla sijaitikia vizuri akaunganisha: "Karatasi yako inasema hapa imenyesha milimita 1979 kwa saa moja. Mbona bwawa halijapasuka?"

Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima. Sikuhitaji kwenda kukagua kipima mvua. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye kodi ya programu.

Kifaa chenyewe cha kupimia mvua ni cha kawaida: bodi ya Arduino Uno yenye prosesa ya biti 8, ATmega328P, na kadi ya kumbukumbu. Kila saa kinaandika rekodi moja:

```
struct Kipimo {
  uint8_t  kituo;
  uint32_t muda;
  uint16_t mvua;  // 142 = mm 14.2
};
```

Hesabu ya haraka ya baiti: 1 + 4 + 2 = 7. Na kweli, ukiiuliza Arduino `sizeof`, yaani ukubwa wa rekodi, inajibu 7. Mimi nikachukua strakti nzima (fungu hilo la sehemu tatu) jinsi ilivyo kwenye kumbukumbu nikaimwaga kwenye kadi, kisha kwenye laptop nikaandika programu ya kusoma kwa strakti ileile, faili lilelile la kodi. Laptop ya biti 64 ukiiuliza swali hilohilo inajibu 12.

Rekodi mbili za kwanza zilikuwa hivi, nilipozifungua baiti kwa baiti, kwa namba za msingi wa 16, baiti ya thamani ndogo ikitangulia:

```
03 40 3F 63 65 8E 00
03 50 4D 63 65 00 00
```

8E 00 ni 142, yaani milimita 14.2. Mvua nzuri ya alasiri ya Novemba, hakuna cha ajabu. Lakini laptop inaamini kwamba baada ya `kituo` kuna baiti tatu za kujazia, kwa hiyo inaziruka. Muda inauchukua kuanzia baiti ya tano: 65 8E 00 03, na ukizihesabu kama sekunde tangu mwanzo wa 1970 tunajikuta Agosti 1971. Mvua inaichukua kutoka 50 4D, ambazo ni kipande cha muda wa rekodi ya pili. Zinasomeka 19792. Gawa kwa kumi, ndiyo mvua ya mzee. Kilichonipumbaza ni kwamba kituo cha rekodi ya kwanza kilisoma 3, sahihi kabisa, nami nilikuwa nimekagua mstari huo mmoja tu, tena safu ya kwanza.

Sasa, kwa nini kompaila ya laptop (programu inayogeuza kodi kuwa maagizo ya prosesa) iliingiza baiti ambazo sikuziomba? Prosesa ya laptop haichoti kumbukumbu baiti mojamoja. Fikiria mbeba mizigo sokoni Majengo anayebeba kreti nzima kwa safari, hata kama unataka chupa moja. Kreti zimepangwa kuanzia anwani 0, 4, 8 na kuendelea. Namba ya baiti nne ikikaa ndani ya kreti moja, ni safari moja. Ikianzia anwani 1, baiti tatu ziko kwenye kreti hii na moja iko kwenye inayofuata. Ndiyo maana kompaila huweka namba ya baiti nne kwenye anwani inayogawanyika kwa nne, na ya baiti mbili kwenye inayogawanyika kwa mbili. Baiti mbili za mkiani zipo ili ukiweka strakti hizi kwenye safu, ya pili nayo ianze mahali pazuri. ATmega inabeba chupa mojamoja, kwa hiyo haioni sababu ya kujazia chochote.

Watu wengi hukomea hapo na kusema ni suala la kasi tu. Kwenye prosesa za Intel na AMD, mara nyingi ni kweli: zinakuvumilia. Cortex-M0, prosesa ndogo ya ARM, haivumilii. Ukiisomesha namba ya baiti nne kutoka anwani isiyogawanyika kwa nne, inatupa hitilafu na programu inasimama. Cortex-M4 inaruhusu usomaji wa kawaida, lakini maagizo yanayosoma maneno (vipande vya baiti nne) mawili au zaidi kwa mpigo bado yanakataa. ARM za zamani, kabla ya toleo la 6, zilikuwa na ubaya wa aina yake: badala ya kulalamika, nyingi zilikupa baiti zilizozungushwa. Bora ile inayoanguka.

Hilo la Cortex-M0 nililipata wiki ileile. Nilidhani nimetibu kwa kuweka `packed`, amri inayomkataza kompaila kujazia. Laptop ikasoma 7, nikafurahi. Kisha nikaipeleka kodi kwenye kituo cha kukusanyia data, chenye Cortex-M0, nikachukua pointa (anwani) ya `muda` na kuipa fanksheni nyingine. Ndani ya strakti kompaila anajua kwamba sehemu hiyo imekaa vibaya na anaisoma kwa uangalifu. Pointa ikishatoka nje, habari hiyo haiendi nayo. Kituo kikaganda.

Kupanga sehemu kuanzia kubwa kwenda ndogo kunasaidia nafasi: `muda`, `mvua`, `kituo`, na 12 inakuwa 8. Kwa rekodi 1000 kwenye RAM ni baiti 4000 umeokoa, si haba. Lakini Arduino bado itasema 7. Na ukiongeza namba ya baiti nane, hata Linux ya Intel ya biti 32 na ya biti 64 hazikubaliani: ya kwanza inaipanga kwa nne ndani ya strakti, ya pili kwa nane.

Kwa hiyo sasa siandiki strakti kwenye kadi kabisa. Fanksheni moja inaandika kila sehemu baiti kwa baiti, ya thamani ndogo mbele, kwa mpangilio nilioutaja kwenye karatasi. Nyingine inazisoma vivyo hivyo, na ndani ya programu kila prosesa ijipangie itakavyo. Nimeongeza pia baiti moja mwanzoni ya namba ya toleo, rekodi ikawa baiti 8 kila mahali.

Data ya mzee haikupotea. Niliisoma upya saba kwa saba. Nilipompigia kumwambia ni 14.2, alisema kopo lake la uani lilikuwa limeshamwambia kumi na nne. Kadi za zamani ziko kwenye droo, kila moja imeandikwa 7 kwa marka nyekundu.