Kupika hakuondoi sumukuvu

Wengi tumekua tukiamini kwamba mahindi yaliyoota ukungu yakioshwa na kupikwa ugali hayana neno. Moto huua ukungu, kweli. Lakini sumukuvu ambayo ukungu huo huiacha ndani ya punje haiharibiki kwa nyuzi 100 za maji yanayochemka; huhitaji zaidi ya 200. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka, hatari ya saratani ya ini hupanda, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Kabla ya kuhifadhi, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu unaoleta ukungu; yaanike tena. Zenye ukungu usimpe hata ng'ombe: sumu hupitia kwenye maziwa.