Je, wajua kwa nini proksi huendelea kupeleka watu kwenye seva iliyokwama?

Tovuti ina seva tatu nyuma ya proksi, yaani programu inayopokea maombi ya watumiaji na kuyagawa kwa seva hizo. Seva moja imekwama, na karibu theluthi ya maombi yanaishia kwenye ukurasa wa hitilafu. Ukifungua ukurasa wa hali ya proksi, zote tatu ni kijani. Inakuwaje?

Chukua HAProxy, programu ya proksi ambayo Willy Tarreau aliitoa mwaka 2001. Ukiweka `check` peke yake kwenye mstari wa seva katika faili la mipangilio, kila sekunde 2 proksi hufungua muunganisho wa TCP, yaani njia tupu ya mawasiliano isiyo na ombi ndani yake, na kuishia hapo. Ni kama mtu apige hodi, asikie komeo likifunguka, aondoke akiandika kuwa wenyeji wazima. Muunganisho huo hupokelewa na mfumo endeshi, si programu yako. Programu inaweza kuwa imeganda kabisa na poti ikaendelea kuitika.

Nginx ya bure, programu nyingine inayotumika kama proksi, kwa miaka mingi imetegemea njia nyingine: husubiri ombi la mtumiaji halisi lishindwe. Usipobadilisha kitu, kosa 1 linatosha seva kuwekwa kando kwa sekunde 10.

Dawa ni kuifanya proksi iulize swali ambalo programu yenyewe ndiyo italijibu. Kwenye HAProxy huandikwa hivi, `/afya` ikiwa anwani ndani ya programu yako iliyotengwa kwa ukaguzi:

```
option httpchk
http-check send meth GET uri /afya ver HTTP/1.1 hdr Host tovuti.example
http-check expect status 200
server web1 10.0.0.11:8080 check inter 2s fall 3 rise 2
```

Mstari wa `expect` usiuruke. Bila huo, jibu lolote lenye namba ya 2xx (limefaulu) au 3xx (nenda ukurasa mwingine) huhesabiwa kuwa zima, kwa hiyo programu inayomrusha kila mgeni kwenye ukurasa wa kuingia kwa 302 itafaulu hata kama ndani kumeharibika. `Host`, yaani jina la tovuti inayoombwa, nayo ina kazi yake: programu nyingi hukataa ombi lenye jina la tovuti zisilolijua, na seva isiyo na tatizo lolote itaondolewa bure.

`inter 2s` ni kukagua kila sekunde 2, `fall 3` ni kuitoa seva ikishindwa mara tatu mfululizo, na `rise 2` ni kuirudisha ikifaulu mara mbili. Kwa namba hizo, seva inayokataa muunganisho papo hapo hutolewa ndani ya sekunde 4 hadi 6, na hurudishwa ikifaulu mara mbili mfululizo. Ukiweka `fall 1`, mtikisiko mdogo wa mtandao utakutolea seva isiyo na kosa.

Panapohitaji kufikiri sana ni ndani ya `/afya`. Wengi huifanya iulize hifadhidata, na hapo ndipo hatari ilipo. Hifadhidata ni ya seva zote. Ikichelewa kidogo, zote zinaanguka ukaguzi kwa pamoja, na proksi inamjibu kila mtu 503 (huduma haipatikani), hata aliyetaka ukurasa usiohitaji hifadhidata. Mimi nashikilia kwamba `/afya` ipime kile ambacho seva hiyo peke yake inaweza kuwa nacho kibovu. Hifadhidata ifuatiliwe kwa tahadhari zake. Envoy, proksi nyingine, ina kinga ya hali hii: seva zenye afya zikipungua chini ya 50%, kwa kawaida hupuuza ukaguzi na kugawa maombi kwa zote.

Kujaribu ni rahisi. Kwenye seva ya majaribio ya Linux, gandisha michakato yote ya programu kwa `kill -STOP`. Ukaguzi wa TCP utabaki kijani. Wa HTTP utageuka mwekundu baada ya sekunde chache. Ukimaliza, `kill -CONT` huirudisha kazini.