Kuzungusha gurudumu ndani ya vyupoti si kutazama tu

Jumatatu nililetewa tena karatasi ya A3 iliyoandikwa 1:100 pembeni, na nilipoweka rula ya skeli juu ya ukuta wa mita 6 nikasoma mita 5.1, yaani skeli yake halisi ilikuwa karibu 1:118. Kijana aliyeichora, ambaye mkono wake ni mzuri, alijibu kwa adabu: "Mzee, skeli sikuigusa, nilizungusha gurudumu la kipanya kidogo tu ili jiko lionekane." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi.

Katika modeli ya AutoCAD (programu ya kuchorea kwa kompyuta), yaani mahali unapochora jengo kwa vipimo vyake halisi, gurudumu husogeza jicho lako tu, na ukuta wa mita 6 hubaki mita 6. Katika leiauti, yaani ukurasa wa kupangia karatasi ya kuchapwa, nje ya vyupoti (dirisha linaloonyesha modeli juu ya karatasi hiyo) ni vivyo hivyo, kwani karatasi haiongezeki wala haipungui. Lakini ukishabofya mara mbili ndani ya vyupoti, karatasi husimama palepale na mchoro ulio nyuma yake ndio unaokua au kusinyaa, na uhusiano baina ya viwili hivyo ndio skeli yenyewe. Asiyeniamini atazame amri inayotumika kuweka skeli kwa kibodi: ni ZOOM ileile ya kukuza mwonekano, ikifuatwa na 1/100XP, ambapo XP hulinganisha mchoro na karatasi. Gurudumu lako linafanya kazi ya amri hiyo, ila bila hesabu.

Hapo kwenye XP ndipo uvumilivu unaponiishia. 1/100XP ni sahihi kwa aliyechora kwa milimita. Aliyechora kwa mita, huku karatasi yake ikipimwa kwa milimita, anapaswa kugawanya 1000 kwa 100 na kuandika 10XP, kwa sababu kizio chake kimoja ni milimita 1000. Akichagua 1:100 ya kawaida kutoka kwenye orodha ya skeli, nyumba ya mita 24 itachukua milimita 0.24 za karatasi, nukta isiyozidi kinyesi cha nzi. Naye atasema vyupoti imeharibika, kisha atazungusha gurudumu mpaka nyumba itoshee. Hivyo ndivyo 1:118 huzaliwa. Wala kubadilisha INSUNITS, mpangilio wa vizio vya faili, hakutamwokoa, maana huongoza michoro inayoingizwa kutoka nje na haubadilishi ukubwa wa kilichokwisha kuchorwa.

Kwa miaka mingi nimewaambia vijana wachore kwa milimita, nukta. Siku hizi nasitasita. Faili la mpima ardhi huja kwa mita, lenye namba ya kaskazini ya UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita) inayozidi 9,000,000 kwa viwanja vya Dar es Salaam, na ukiligeuza kuwa milimita unapata tarakimu kubwa kiasi kwamba mistari huanza kutetemeka kwenye skrini. Ramani ya kiwanja naiacha kwa mita na jengo kwa milimita, na nakiri kwamba mpango huo umewahi kuniponyoka mimi mwenyewe nilipounganisha mafaili mawili usiku.

Tiba ya gurudumu ni kufunga vyupoti: chagua ukingo wake, fungua sifa zake, ufunge mwonekano. Baada ya hapo gurudumu litakuza karatasi nzima na skeli haitacheza. Ukitaka kurekebisha mchoro kwa karibu, tumia amri ya VPMAX, inayopanua vyupoti ijaze skrini, kisha VPMIN urudi ulikotoka.

Mistari ya vikato ikionekana mizima, weka PSLTSCALE, mpangilio unaolinganisha vikato na karatasi, kuwa 1 na uandike REGENALL ili skrini ichorwe upya. Leiauti iliyopangwa kwa milimita huchapwa 1:1. Wakati wa kuchapa, alama ya kutoshea karatasi iondolewe, na iondolewe pia kwenye programu ya kusomea PDF, la sivyo utapoteza asilimia kadhaa na kumlaumu mchoraji asiye na kosa. Na tafadhali, usiipunguze nyumba yenyewe kwa amri ya SCALE ili iingie kwenye A3, kwa kuwa vipimo vyote vitasoma nyumba ya kidoli.

Karatasi ya Jumatatu ilirekebishwa kwa dakika chache. Tulipoweka 10XP jiko kweli halikuonekana lote, basi tukafunga vyupoti, tukavuta ukingo wake sentimita 3 kuelekea kulia, na jiko likaingia pamoja na sinki lake.